Kucha za Mkono wa Kushoto

Kwenye jalada la santuri yetu ya kwanza mimi napiga gitaa kwa mkono wa kulia. Sijawahi kupiga gitaa kwa mkono wa kulia, wala siwezi. Ukinipa gitaa leo ukaniambia nilishike kama watu wanavyolishika, nitakutolea sauti ya bati linalokokotwa barabarani. Lakini picha ndiyo hiyo. Nimekaa vizuri, mkono wa heshima uko kwenye nyuzi, na wenzangu wote walionizunguka wana kasoro ambayo huioni mpaka uambiwe. Nakala ninayo moja. Wajukuu wakiniomba niwaonyeshe, huwaambia imeliwa na mchwa.

Nyumba yetu ilikuwa Mahabibo, ndani ya mji wa Mahajanga, Madagaska, nyumba ya bati yenye kibaraza kipana, na kibaraza hicho ndicho kilichokuwa chuo cha baba. Baba alikuwa mwalimu wa Kurani. Kwetu sisi watu wa asili ya Ngazija mwalimu huyo huitwa fundi, na fundi hakataliwi neno. Ukishasoma kwake umekuwa wake. Mtu anaweza kuota ndevu, akawa na duka na wake wawili, lakini fundi akipita akamwambia "nifuate", ataliacha duka wazi amfuate. Ndani ya heshima hiyo nilizaliwa mimi, mtoto wake wa pekee wa kiume, nikiwa na mashoto.

Asiyejua uzito wa jambo hili nitamweleza mara moja, kisha tuendelee. Mkono wa kulia ni wa kula, wa kusalimia, wa kupokea na kutoa. Mkono wa kushoto ni wa chooni. Sasa mtoto wa fundi anakaa kwenye sinia na wageni wa baba yake, anapeleka mkono wa chooni kwenye wali. Mama alichana pindo la leso yake kuukuu, na kila tulipokaa kula baba aliufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa kitambaa hicho. Hakunipiga. Alifunga polepole, huku akizungumza na wageni mambo mengine, na mimi nikatazama chini. Jikoni mama alinifungua, akanipa muhogo nishike nipendavyo, akasimama mlangoni kuchungulia kama baba anakuja.

Maneno ya nyumbani yalikuwa Kingazija, ya mtaani Kisakalava, ya shuleni Kifaransa. Kiswahili hiki nilikipata ukubwani, Unguja, kwa mke wangu, na mpaka leo hunisahihisha.

Nilipofika umri wa kutahiriwa nilikuwa nakula kwa mkono wa kulia, naandika kwa mkono wa kulia, natoa na kupokea kwa mkono wa kulia. Kitambaa kikarudi jikoni kushikia masufuria. Baba aliona kazi imekwisha, na mimi niliona hivyo hivyo. Kumbe hatukuwa na habari na nyuzi.

Kinyozi mmoja wa Tanambao alikuwa ametundika gitaa ukutani, kati ya kioo na picha ya rais mpya. Wakati hana wateja alimruhusu yeyote kulichukua, kwa sharti moja: nyuzi zake zisibadilishwe mpangilio. "Atakayefungua uzi wangu simnyoi tena," alisema, naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi za namna hiyo. Nililichukua kwa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa kuchukua kila kitu, nikahangaika nalo, halikunisikiliza. Nikaligeuza. Likakaa kifuani pangu bila ugomvi. Ila sasa nyuzi zilikuwa juu chini: nyembamba zimekuja karibu na kidole gumba, nene zimekwenda chini. Gumba, ambalo kwa wapigaji wengine hutwanga besi, kwangu likawa ndilo linaloimba, na vidole viwili vikabaki na besi. Kinyozi alinitazama kwenye kioo, ambako nilionekana niko sawa, akasema, "Sijui unafanya nini, lakini endelea."

Nikaendelea. Na kwa kuwa nyuzi zilihitaji kitu kigumu cha kuzichokoa, nilifuga kucha. Tatu tu, gumba na vidole viwili, zote za mkono wa kushoto.

Nilikuwa naficha mkono huo chini ya paja kila nilipokaa na baba. Siku moja ya Id nilijisahau, nikauweka juu ya goti. Sinia ilikuwa imezungukwa na watu wa msikitini. Baba aliona, akasimamisha tonge.

"Kucha hizo za nini?"

"Za gitaa, Baba."

"Na chooni unaingia na mkono gani?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyeruka aya. Mgeni mmoja alibaki ameshika tonge lake, halipeleki kinywani, halirudishi siniani. Hapakuwa na mtu Mahajanga nzima aliyesafisha kucha kama mimi. Nilikuwa na brashi, sabuni, na kijiti cha ndimu, nilisugua mpaka ngozi ikachubuka. Lakini utasimama mbele ya sinia ya Id ueleze hayo? Niliinuka nikanawa mkono wa kulia ambao haukuwa na kosa lolote, nikatoka. Masikio yaliniwaka mpaka nilipofika kwa kinyozi.

Hapo ndipo aliponikuta kiongozi wa bendi. Alikuwa mpiga kodiani kutoka Nosy Be, Msakalava mnene mwenye kicheko cha karibu sana, na bendi yake ilikuwa imeshika pwani yote ya kaskazini-magharibi. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru kila mji ulitaka dansi, na kila dansi ilimtaka yeye. Mpiga gitaa alikuwa naye, kijana mzuri wa sura, mwimbaji pia, lakini mkono wake ulikuwa mzito kwenye salegi, ule mdundo wetu wa haraka usiotaka mtu wa kufikiri. Alitaka mtu wa kukodi: wa kuingia kwenye kurekodi, na wa kusafiri nao safari kubwa. Alinisikiliza huku ananyolewa nusu kichwa.

"Mkono wako mwepesi," alisema. "Nani amekufundisha?"

"Hakuna."

"Afadhali."

Basi nikawa mtu wa kukodiwa. Kazi hii si kama watu wanavyoidhani. Bendi si yako, nyimbo si zako, wala sare si zako. Mimi nilivaa shati la mtu aliyeondoka, lilinibana makwapani. Kazi yako ni kuujua wimbo wa mwenzio kuliko anavyoujua yeye, kisha ukae kimya mpaka mtu akutazame. Niliipenda mno. Nasema wazi, maana nikianza kusimulia aibu msomaji anaweza kudhani nililazimishwa.

Nosy Be tulikwenda kwa meli ndogo ya mizigo, magunia ya mchele chini, sisi juu, kodiani imefunikwa kwa turubai kama mgonjwa. Ukishuka kisiwani, harufu ya langilangi inakaa kwenye nguo. Mvuke wa mitambo ya kukamulia maua hauchagui dini wala kabila. Jumapili alasiri tulipiga Dzamandzar, kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Walikuja na mikono iliyokatwakatwa na majani ya miwa. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ngoma kubwa kama kawaida yangu, lakini mwanamke mmoja akaniona, akanyoosha kidole akisema, "Kavia!" Ndilo neno lao la kushoto. Mwingine akalipokea. Mpaka wimbo wa tatu uwanja wote unaniita Kavia, Kavia, wananitaka mbele, na kiongozi akanivuta kwa mkanda wa suruali huku kodiani inalia. Nilipiga mbele za watu mkono ukiwa wazi, kucha zinang'aa juani. Hawakuona uchafu wowote. Waliona mtu anapiga gitaa kinyumenyume na miguu yao haiwezi kutulia.

Furaha yenyewe haikulala siku nyingi. Wiki ile ile tuliitwa kwenye harusi, kisiwani humo humo, nyumba ya Waislamu wa zamani ambao bado waliita bahari na biashara kwa maneno ya Kiswahili. Tulikuwa tumeshapanga vyombo uani na kuvijaribu, mchana, wakati mjomba wa bibi harusi alipomwita kiongozi pembeni. Sikuwa mbali. Mzee yule aliongea kwa adabu kabisa: bendi nzuri, wageni wameridhika, ila kijana yule anayepiga kwa mkono wa kushoto, siku ya kufungua nyumba ya watu, si fali njema. Hakusema tuondoke. Aliomba kijana ageuke.

Kiongozi alinijia na uso ambao sijauona kwake tena. "Ndugu yangu," alisema, "unaweza kupiga ukitazama ukuta?"

Nilipiga harusi ile yote nikitazama ukuta. Ulikuwa ukuta wa chokaa, na kwenye kimo cha macho yangu palikuwa na msumari wenye kutu. Nyuma yangu watu walicheza, nikawasikia wakifurahia gumba langu bila kuniona. Yule mzee hakunikosea adabu, na hilo ndilo liliniuma, kwa sababu alisema tu ambalo baba angesema. Nilijiambia kwamba msumari ule umetazamwa na mtu mmoja kuliko msumari wowote duniani, nikataka kucheka, sikuweza.

Ndipo ikaja santuri. Jamaa mmoja kutoka Antananarivo alikuja Mahajanga na mashine ya kurekodi kwa mkanda, akaifunga ndani ya ukumbi wa sinema karibu na bandari. Tulirekodi asubuhi na mapema, maana jua likishapanda mabati ya paa yalianza kutanuka na kualika, tap, tap, na kila mlio uliingia kwenye mkanda. Magodoro yaliegemezwa ukutani. Maikrofoni ilikuwa moja, kwa hiyo jamaa aliwapanga watu kwa sauti zao: ngoma mlangoni kabisa, kodiani katikati, mwimbaji hatua kadhaa, na mimi karibu, mkono wangu unakaribia kuigusa. Yule mpiga gitaa mwenye sura alikaa kwenye viti vya watazamaji akisubiri zamu ya kusogea mahali pa mwimbaji. Jamaa wa mkanda hakuuliza ni mkono gani. Alifumba macho akasikiliza, akasema, "Tena, na usibadilishe kitu." Kama baba angenisikia kwa njia ile, macho yamefumbwa, labda mambo mengi yasingetokea.

Lakini santuri ina jalada, na jalada lina picha.

Mpiga picha alikuwa wa Mahabibo, duka lake liko njia ya msikitini, na alikuwa amesoma chuoni kwa baba tangu alifu mpaka akahitimu. Nyuma alitundika pazia lililochorwa ngazi na maua. Kiongozi alitupanga mwenyewe: ngoma kubwa yenye jina la bendi katikati, mwimbaji ana saa mpya mkononi, na yeye kiongozi kodiani kifuani, mkono wa kulia ameunyoosha mbele akishika gilasi ya limonadi, ili mnunuzi ajione anakaribishwa. Mimi nikaenda zangu nyuma.

"Njoo mbele," akasema.

"Mimi si mtu wa bendi."

"Nosy Be wakinunua wasimuone Kavia, watasema si sisi."

Nilimsihi. Alidhani ni haya ya kawaida, akacheka, akaniketisha mbele. Ukweli nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Wenye maduka ya Mahabibo walikuwa wakitundika majalada ya santuri kwenye kamba, yameshikwa kwa vibanio vya nguo, kando ya njia. Njia hiyo baba aliipita kila sala. Niliona siku hiyo kama imeshafika: baba anapita na waumini wenzake, mmoja anasimama, anasema kwa adabu, "Fundi, si mwanao huyu?" Na baba anatazama mkono, na kucha, mbele za watu, na hana kitambaa cha kunifunga.

Majalada yalichapishwa Ufaransa, yakarudi baada ya masika. Tulifungua sanduku chumbani kwa kiongozi, wote tumeinama juu yake. Kwanza niliuona uso wangu, nikafurahi kwamba nimetoka vizuri. Kisha nikauona mkono wangu, wa kulia, umetulia kwenye nyuzi. Nikatazama mkono wangu halisi, nikautazama ule wa picha. Mpiga ngoma ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Saa ya mwimbaji ilikuwa imehamia mkono wa pili. Mashati yetu yalikuwa yamefungwa vifungo upande wa wanawake. Kodiani ilikuwa na vibao upande usiokuwa wake. Na kiongozi wetu, mwenye tabasamu lake lote, alikuwa anamkaribisha kila mnunuzi wa kisiwa kizima kinywaji kwa mkono wa kushoto.

Picha ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo, lakini jina la bendi kwenye ngoma lilisomeka sawasawa. Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya.

Kiongozi hakucheka. Kwa Wasakalava nao, kumpa mtu kitu kwa mkono huo ni kumtukana. Tulipokwenda Nosy Be na masanduku yetu, mama yake mzazi, ambaye alitupikia kila safari, alilishika jalada mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akalitazama sana.

"Nani aliyekufundisha kumpa mtu kitu hivi?" alimuuliza mwanawe.

"Picha imekosewa, Mama."

"Picha ni wewe."

Akaliegemeza ukutani, uso umeelekea ukuta, akaenda kupakua wali. Mtu mzima yule, ambaye viwanja vinamshangilia, alikula kimya kama mimi nilivyokula utotoni. Na Dzamandzar nako watu walipoliona jalada waliuliza Kavia ameondoka lini. Niliwaambia ndiye mimi huyu pichani. Walinitazama, wakatazama picha, wakasema, "Hapana, huyu mwingine."

Tuliporudi Mahajanga kiongozi alinituma nikamkemee mpiga picha, kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Nilimkuta anaosha sinia za dawa. Aliponiona tu, aliweka vitu chini.

"Fundi alikuja," alisema kabla sijafungua mdomo. "Alikuwa anatoka sala ya adhuhuri, akaiona picha yenu inakauka kwenye kamba. Akasimama nayo sana. Akaniuliza, picha hugeuzwa? Nikasema hugeuzwa. Akasema, basi igeuze."

"Nawe ukageuza."

"Wewe ungemwambiaje?"

"Wenzangu hukuwaona?"

"Nilikuwa namtazama mtoto wa fundi peke yake. Nilihangaika na zile herufi za ngoma, nikazikwangua kwa wembe, nikaziandika upya siku nzima. Mikono ya watu haikunijia." Akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Hakuwa na hasira, ndugu yangu. Wallahi hakuwa na hasira."

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Ilikuwa baada ya alasiri, watoto wameshaondoka chuoni, mbao zao za kuandikia zimepangwa ukutani. Baba alikuwa anaokota mikeka. Nilimpa kwezi, salamu yetu ya mdogo kwa mkubwa, akaniitikia. Sikumsaidia mikeka.

"Baba, ulikwenda kwa mpiga picha."

"Nilikwenda."

"Kwa nini?"

"Kukusitiri."

Alilisema bila kusita, kama mtu aliyefanya jambo jema na hatarajii shukrani. Na mimi, niliyekuwa nimebeba ukuta wa harusi, na mama wa kiongozi, na watu wa Dzamandzar wasionitambua, nilisema neno ambalo mtoto wa kwetu hamwambii baba yake.

"Umenisitiri mimi, au umejisitiri wewe?"

Mama jikoni aliacha kutwanga. Baba aliendelea kukunja mkeka mpaka ukaisha, akausimamisha pembeni. Alisema tu, "Kata kucha, uje ule."

Sikukata. Sikuja. Nilipanga chumba Tanambao, nikawa nafika Id kwa Id, nampa kwezi, nampa mkono wa kulia, narudi. Watu walisema mtoto wa fundi amepotea na muziki. Walikosea: nilikuwa nimepotea kwa sababu kila nilipoifikiria sinia ile, nilimwona yule mgeni na tonge lake, na sikuwa na uso wa kurudi nao. Bendi ilizidi kupendwa. Tulirekodi tena, tena, na kila picha nilisimama nyuma ya ngoma, na kiongozi hakunilazimisha tena.

Habari ilinikuta tunarudi kutoka Katsepy, ng'ambo ya ghuba, tulikopiga sikukuu ya wavuvi. Kivuko kilipokaribia, nilimwona binamu yangu amesimama gatini, hapungi mkono. Nikajua.

Kuna jambo mtu halifikirii mpaka limfike. Nilikuwa na gitaa mkononi. Sikuwa na pa kuliweka, na njia ya kwetu ilikuwa imejaa watu wenye kofia waliokaa kwenye mikeka kutoka kibarazani mpaka barabarani, nami nikapita katikati yao kwenda kwa maiti ya fundi na gitaa begani. Walinisogelea wakanipa mkono wa pole, nami kila mara ikanibidi nilihamishe gitaa upande. Laiti ardhi ingefunguka. Mpiga picha ndiye aliyeinuka, akalipokea, akalipeleka nyumba ya jirani.

Mwosha maiti wa mtaa alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kibogoyo. Mlangoni pa chumba wanafunzi wa zamani wa baba walikuwa wamejipanga, kila mmoja anautaka ujira wa Mungu wa kumwosha fundi wake. Mmoja alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu. Nilisimama nyuma yao, mahali nilipozoea.

"Mwana wake yuko wapi?" mzee aliuliza.

Wakanipisha.

"Marehemu aliniachia neno, tangu yu mzima," alisema mzee, na aliwaambia wao zaidi kuliko mimi. "Amesimama nami kwenye vyumba vingi vya maiti. Mnajua kwamba pale pa kusitiriwa panaoshwa kwa mkono wa kushoto uliofungwa kitambaa, chini ya shuka, bila kutazama. Na ninyi nyote mikono yenu ya kushoto ni mijinga. Alikuwa akiona wana wa watu wanavyotapatapa, shuka inateleza, baba wa mtu anabaki wazi. Akaniambia, mimi anioshe mwanangu, yeye hatatapatapa."

Hakuna aliyenitazama, nami sikumtazama yeyote. Nilikuwa naona aibu kama ambayo sijawahi kuiona kwenye sinia wala mbele ya ukuta, kwa sababu hii ilikuwa yangu mwenyewe, sikupewa na mtu.

Mzee aliushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga. Kucha tatu. Jumamosi iliyokuwa inakuja tulikuwa tusafiri kwenda kupiga Nosy Be.

"Hizi zitamkwaruza," alisema.

Nikamwomba wembe. Nilizikata mimi mwenyewe, kwa mkono wa kulia, vibaya, nikajikata na nyama kidogo. Kisha akanipa kitambaa cheupe. Nilijaribu kukifunga nikashindwa, kikalegea mara mbili, mpaka mzee akanifungia. Alifunga polepole, huku akimwambia mtu mwingine alete kafuri.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akaniambia tulipobaki wawili. "Utakachokiona, hukukiona."

Niliutia mkono chini ya shuka. Mzee alimimina maji, nami nikaosha, macho yangu kwenye ukuta. Mkono ulijua njia. Haukutapatapa, na shuka haikuteleza hata kidogo. Nilitaka kumwambia baba kwamba lile neno la kibarazani ninalirudisha, lakini maiti haambiwi. Nikamsitiri. Kisha nikakifungua kitambaa, nikakidondosha kwenye mfereji wa chini ya kitanda, zilipoangukia kucha zangu nilipozikata, nikanawa, nikaanza kumtawadhisha upande wa kulia.